Mbwa Wetu Alipomng'ata Mtoto wa Jirani

Nianze kwa kukiri, akina mama wenzangu, kwamba mimi si mpenzi mkubwa wa mbwa. Nimezaliwa Muheza, na kule kwetu mbwa kazi yake ilikuwa shambani. Alifukuza nguruwe mwitu kwenye mihogo, akala makombo, akalala nje. Hakuna aliyempapasa kichwa wala aliyemfundisha kitu. Nilipoolewa na kuhamia Unguja, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilifurahi kuachana na mambo hayo. Huku majirani zetu karibu wote ni Waislamu, na kuweka mbwa nyumbani ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Lakini mwanzoni mwa mwaka 2023 wezi waliruka ukuta wetu pale Tomondo mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza walichukua baiskeli ya mwanangu Danieli. Mara ya pili walichukua mtungi wa gesi pamoja na kanga zangu mbili zilizokuwa kwenye kamba, tena bado mbichi. Mimi ni nesi, na wiki nyingine ninashika zamu ya usiku. Baba Neema naye kazi yake humtoa nyumbani alfajiri. Basi siku moja ya mwezi wa Julai akarudi kutoka upande wa Mwera na boksi la biskuti, ndani yake kuna kitu cheusi chenye tumbo kubwa kuliko kichwa, kinalia.

"Mlinzi huyu," akasema.

Mlinzi mwenyewe alikuwa na umri wa wiki tano.

Watoto wakamwita Popi. Baba yao akamwita Komando. Mimi kwa siku za kwanza nilimwita "huyu", kama vile mtu anavyomwita mgeni asiyejulikana ataondoka lini.

Siku ya nne alianza kung'ata. Alianza na vidole vya miguu, akaendelea na visigino, kisha pindo la kanga. Ningekuwa nimebeba sufuria ya maharage ya moto, huyu anining'inie kwenye kanga huku akinguruma kama pikipiki ndogo. Mtoto wetu wa mwisho, Eliya, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa akipanda juu ya kiti kila mbwa anapofunguliwa. Mikono yake ilijaa mistari myekundu. Nimewachoma sindano watoto wengi maishani mwangu, lakini sikujua kuchomwa sindano ishirini kwa mpigo kulivyo mpaka nilipomtoa Popi ndani ya kabati la vyombo.

Ushauri haukukosekana. Mama mkwe wangu alipiga simu kutoka Tanga akasema apewe pilipili kwenye chakula, na masikio yake yakatwe ncha, atakuwa mkali wa kweli. (Masikio hayakukatwa. Hapo nilisimama imara.) Danieli, ambaye ni kijana wa miaka kumi na minne, aliona ni mchezo mzuri. Alikuwa akimsukuma mbwa usoni kwa kiganja, anarudi nyuma, anamsukuma tena, na mbwa akidaka mkono anacheka. Baba Neema alifurahi zaidi. "Mkamate! Mkamate!" angesema jioni akiwa ametandaza miguu uani, na Komando wake anaruka kwenye suruali. Nilipolalamika aliniambia, "Mama Neema, unataka mlinzi au unataka paka?"

Na mimi je? Mimi nilitumia ndara. Kila akining'ata, nilimpiga ya pua. Nasema haya kwa aibu, kwa sababu kliniki ya watoto ninayofanyia kazi ninakaa na akina mama kila wiki nikiwaambia kwamba mtoto mdogo anayepigwa anajifunza kuogopa mkono tu. Popi alijifunza jambo hilo hilo. Baada ya wiki mbili alikuwa akiona mkono wangu unashuka, hata kama una chakula, anaudaka kwanza kabla haujampiga. Alikuwa aking'ata kwa nguvu kuliko alipokuja.

Sahani zilizoacha kurudi

Sasa niwaeleze kuhusu jirani yangu. Nitamwita Mama Rukia, si jina lake. Tumetenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka tisa. Alinipokea Neema alipougua dengu, akakesha naye nikiwa zamu. Mwezi wa Ramadhani huniletea futari: tambi, kaimati, mihogo ya nazi. Sikukuu ya Krismasi mimi humpelekea pilau, na nyama ninanunua Darajani iliyochinjwa kwa taratibu zao, naye anajua. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Sahani haikuwahi kurudi tupu kwa upande wowote.

Mbwa alipoingia, Mama Rukia hakusema neno baya. Alisema tu, "Dini haikukataza mbwa wa ulinzi, Mama Neema, wala wa kuwinda. Wasasi huku mashamba wanao, na ni Waislamu. Lakini muwekeni mahali pake." Maana mate ya mbwa kwao ni najisi. Yakigusa mwili, nguo au chombo, huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu akitaka kusali hawezi kulipuuza jambo hilo. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nilielewa kwa mdomo. Wiki iliyofuata nilimpelekea maandazi, na bakuli likarudi limeoshwa, tupu, pamoja na "ahsante sana". Nikajidai sikuona.

Wazee husema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Sisi wa kwetu hakufika msikitini, ila alimkuta mtoto anayetoka chuoni.

Ilikuwa Jumatano ya mwisho wa Agosti, baada ya alasiri. Danieli alitoka kununua barafu akaacha lango limerudishiwa tu. Mtoto mdogo wa Mama Rukia, mvulana wa miaka saba, alikuwa akipita na msahafu wake kifuani, kanzu imemzidi urefu. Popi aliona pindo la kanzu linacheza. Akalifuata. Mtoto akapiga kelele akakimbia, na kwa mbwa aliyefundishwa na Danieli kwamba anayekimbia na kupiga kelele anacheza naye, huo ulikuwa mwaliko. Mtoto alianguka. Nilipofika, msahafu alikuwa bado ameushika juu, haukugusa chini, naye analia. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na matundu matatu madogo. Moja lilikuwa linatoa damu.

Kazi yangu ilinisaidia kwa muda wa dakika moja hivi. Nilimbeba hadi bombani, nikafungua maji, nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikaanza kuosha. Kidonda cha mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Sabuni hudhoofisha virusi vya kichaa cha mbwa, na maji huvisukuma nje kabla havijashika njia ya mishipa ya fahamu. Hilo ninalifundisha. Lakini sikuwa nimewahi kujua dakika kumi na tano zilivyo ndefu mtoto wa mwenzio anapolia mikononi mwako, na saa ya simu imewekwa juu ya ndoo, na unasikia mlango wa nyumba ya pili unafunguliwa.

Mama Rukia alikuja bila viatu. "Jibwa lenu lishamla mwanangu!" Akachuchumaa, akaona matundu. Alitaka udongo, aoshe kama inavyompasa. Mimi nikasema, "Dada yangu, udongo usiingie kwenye kidonda, kuna pepopunda." Akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Akamtuma Rukia mbio kwa ustadhi wa chuoni. Jibu lilirudi sabuni haijakwisha: jeraha lenyewe lisitiwe udongo, waoshe kanzu na sehemu zilizo nzima. Basi tukafanya hivyo. Mimi nikawa mchota maji wake. Akahesabu hadi saba.

Kisha akauliza, "Kachanjwa?"

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimama mbele ya mabango ya chanjo na kueleza watu. Nimesema mara ngapi kwamba kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwamba zinaweza kukaa miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza, wakati mwingine hata mwaka, na mtu anajiona mzima. Kwamba duniani wanakufa watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ndio wanaong'atwa zaidi. Na kwangu nilikuwa na mbwa wa wiki kumi na moja ambaye nilisema tungoje akue kidogo.

"Bado," nikasema.

"Wewe nesi, Mama Neema," akasema. Hakuongeza.

Siku kumi

Kituo cha kwanza tulichokwenda tuliambiwa chanjo imekwisha. Cha pili tulikaa hadi saa mbili usiku. Mtoto alichomwa ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, na daktari akatupa tarehe: siku ya tatu, siku ya saba, na nyingine baadaye ikihitajika. Gharama alilipa Baba Neema kwa fedha tulizokuwa tumeweka za bati la jiko. Nitasema jambo moja kwa sifa yake: hakubishana, hata kidogo. Njiani kurudi, sisi mbele na Mama Rukia nyuma ya gari na mtoto amelala mapajani, hakuna aliyefungua mdomo kutoka mjini hadi Tomondo.

Wapo watu mtaani waliosema mbwa auawe usiku ule ule. Nawaelewa. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hatulijui. Mbwa aliyeng'ata akiwa anaonekana mzima, na anaweza kufungiwa salama, ni afadhali awekwe hai aangaliwe kwa siku kumi. Mbwa ambaye tayari ana virusi kwenye mate yake huugua au kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, daktari anajua kwamba siku aliyong'ata hakuwa akiambukiza, na anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ukimwua na kumtupa, umetupa na habari. Ila sindano haziwi za kungojea. Huanza siku ile ile, na uangalizi unaendelea pembeni. Ama mbwa akionekana mgonjwa, anatokwa mate, anayumba, anang'ata chochote, hapo haangaliwi na mtu wa nyumbani. Mtaarifu mtu wa mifugo mara moja.

Tulimfungia Popi kwenye banda la kuku lililokuwa tupu. Nilikuwa naamka usiku na tochi kumtazama kama anakunywa maji. Alikunywa. Alikula. Alitafuna mlango wa banda. Siku ya kumi asubuhi nilikwenda kwa Mama Rukia nikasimama kizingitini, nikamwambia mbwa ni mzima, na kwamba daktari amesema sindano tatu alizochomwa mtoto zinatosha. Akasema, "Alhamdulillahi." Akaniambia nisubiri. Nikadhani anakwenda kuleta kiti. Alileta bakuli langu la zamani, lililokuwa kwake tangu Juni, akanikabidhi.

Nililia kwenye daladala nikienda kazini, na ninawaambia hivyo bila kuficha.

Ziwa na jino

Wiki ya katikati ya Septemba alikuja bwana mifugo kumchanja Popi, aliyekuwa sasa amefikisha miezi mitatu. Ni mzee mpole wa Unguja. Aliniambia kwanza kwamba nisingengoja, kwa maana katika kampeni siku hizi hata watoto wa mbwa huchanjwa, na chanjo hurudiwa. Kisha Popi akadaka mkono wake. Mzee hakuuvuta. Aliuacha umelegea kama mkono wa mtu aliyelala. Popi akautafuna mara moja, mbili, akachoka, akauachia.

"Huyu hana ukali," akasema. "Kaondolewa kwa mama yake mapema mno. Hakumaliza masomo."

Akanieleza. Watoto wa mbwa wakicheza pamoja, mmoja akimng'ata mwenzake kwa nguvu, aliyeng'atwa analia na mchezo unakufa. Aliyeng'ata anabaki peke yake, anashangaa. Mara kumi, mara ishirini hivyo, anajua kipimo cha meno yake. Na mama yao, meno yakishatoka na kumuumiza chuchu, huinuka akaenda zake. Hampigi mtoto. Anaondoka na maziwa yake. Ndiyo sababu mtoto wa mbwa asitolewe kabla ya wiki nane. Wetu aliondoka na wiki tano, kabla hajaambiwa na mtu yeyote kwamba anaumiza.

Hapo, akina mama, nilinyamaza kabisa. Nani kati yetu aliyenyonyesha asiyejua siku ile mtoto anapoota meno ya kwanza, yuko ziwani, mara anafunga taya? Utapiga kelele, naam. Lakini hutampiga kofi mtoto wa miezi saba. Kliniki tunawafundisha akina mama: usimvute kwa nguvu, maana atazidi kubana, muachishe taratibu kwa kidole, mtoe ziwani, ngoja kidogo bila hasira, kisha mrudishe. Akibana tena, mtoe tena. Mtoto si mjinga. Baada ya siku chache anaelewa kwamba meno yakifika, maziwa yanaondoka. Nimewafundisha akina mama jambo hili kwa miaka mingi, na nyumbani kwangu nimeshika ndara.

Basi tulianza upya. Jambo la kwanza ilikuwa mkono kutovutwa. Meno yakigusa ngozi, mkono unalegea, unanyamaza. Mkono unaokimbia kwa mbwa ni kama panya. Vitabu vingine husema ulie kama mbwa mdogo. Kwa Popi kulia kulimchangamsha zaidi, kwa hiyo tuliacha. Tulichofanya ni kuondoka. Meno yakigusa, unainuka kimya, unatoka nje ya geti dogo la uani, unahesabu hadi thelathini, unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Akirudia, unatoka tena. Jioni ya kwanza nilitoka mara kumi na saba. Neema alinihesabia akicheka, na wali ukaungua.

Jambo la pili, meno yapewe kazi. Mbwa mdogo ana meno 28 ya utoto, nayo huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne. Hadi kufikia miezi sita au saba huwa ameota 42 ya ukubwani. Katikati ya hapo fizi zinamwasha kama mtoto wako mwenyewe anayetafuna funguo na kona za meza. Nilinunua kamba nene ya usumba, ile wanayosokota wanawake wa vijiji vya pwani ya mashariki baada ya makumbi ya nazi kukaa yamezikwa ufukweni miezi mingi. Nilifunga fundo kila mwisho. Kila akija mdomo wazi, anakuta kamba kabla ya kukuta mguu. Siku ya joto nilimlowekea kitambaa kinene, nikakikunja, nikakigandisha kwenye friji. Alikikumbatia kwa miguu yote miwili. (Lakini mtu awepo anapotafuna. Kamba au kitambaa kikianza kuchanika kitolewe, kisije kikamezwa.) Siku moja Eliya, ambaye naye alikuwa na jino linalocheza, aliokota jino la Popi kwenye fundo la kamba. Akalitupa juu ya paa pamoja na lake.

Jambo la tatu sikulitegemea: usingizi. Kila magharibi Popi alikuwa akipandwa na wazimu, anakimbia duara, anang'ata kila kitu. Nilidhani ni tabia. Kumbe ni mtoto aliyekosa kulala. Mbwa wa umri ule hulala saa kumi na sita na zaidi kwa siku, na kwetu watoto walikuwa wakimwamsha kila wakirudi kutoka shule. Nikaweka amri: akilala, haguswi. Kuanzia saa kumi na moja anaingia bandani na kamba yake, hadi watu wapate chakula. Magharibi ikatulia, nyumba ikatulia.

Na alipokuja bila meno, akakaa chini, alipata dagaa mkavu mmoja. Dagaa wa mia tano walitosha wiki nzima.

Msidhani ilikwenda vizuri moja kwa moja. Siku ya tano na ya sita alizidi. Aliona geti linafungwa akang'ang'ania sketi yangu kwa nguvu zote, kana kwamba anasema, hii dawa yenu mpya siitaki. Mtoto anayenyimwa pipi alizozizoea hufanya hivyo hivyo, anaongeza sauti kabla ya kuacha. Karibu nichukue ndara. Niliitupa juu ya kabati ili iwe mbali.

Taabu kubwa zaidi haikuwa mbwa. Jumamosi moja nilirudi mapema kutoka kazini, nikasikia uani, "Mkamate, Komando!" Mume wangu ni mtu mwema, wanaomjua wanajua. Lakini alikuwa akivunja usiku nilichojenga mchana. Hatukugombana mbele ya watoto. Usiku nilimwuliza swali moja: "Baba Neema, huyu mlinzi wako atatofautishaje mwizi na mtoto wa chuoni, ikiwa wote wawili wanakimbia?" Hakujibu. Nikaendelea, nikamwambia mwizi hafukuzwi na jino, anafukuzwa na sauti. Mbwa anayebweka usiku ameshafanya kazi yake. Akasema tulale. Asubuhi nilimwona amekaa uani, Popi kaweka meno kwenye ndara yake, naye anainuka kimya, anatoka getini, midomo inahesabu. Siku hiyo hiyo jina la Komando lilikufa. Mbwa mmoja hawezi kuwa na majina mawili na sheria mbili.

Watoto wote nyumbani, na baadaye watoto wa shule ya Jumapili ninaowafundisha Mkunazini, niliwafundisha kusimama kama mnazi. Mbwa akikujia, usikimbie, usipige kelele. Simama wima, mikono kifuani, tazama pembeni, usimtazame machoni. Ukianguka, jikunje, funika uso na masikio. Siku hiyo, baada ya ibada, kwenye uwanja wa kanisa kuu palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, palikuwa na minazi ishirini na mitatu ya kila urefu, mmoja amevaa gauni la pinki, na watalii walisimama kutupiga picha wasijue tunafanya nini.

Bwana mifugo aliponichanjia Popi aliniambia habari ya Pemba, ambayo nimeisimulia kila kliniki tangu siku hiyo. Kule kisiwani waliwachanja mbwa kwa wingi, na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, na ilipofika mwaka 2018 ukaondoka. Kisiwa kizima, kwa sindano za mbwa. Na ugonjwa ulioingia kutoka nje ukairudisha hofu yote. Mimi nilikuwa na mbwa mmoja nyuma ya ukuta mmoja.

Popi sasa ni jibwa kubwa. Hajamng'ata mtu tangu Oktoba ile, ingawa kanga bado anazipenda kuliko ninavyotaka. Lango lina komeo la ndani na la nje, na Danieli ndiye mwenye kazi ya kulikagua. Tulijenga ukuta mdogo wa pili ili mbwa asifike upande wa kwa Mama Rukia hata kwa mate. Wezi hawajarudi.

Yule mtoto alibaki na vidoti vitatu vyeupe mguuni. Kwa miezi mingi alipita barabara ya mbali. Siku moja mwezi wa Februari nilimwona amesimama nje ya lango letu, mikono kifuani, kichwa ameelekeza pembeni, anatazama mwembe. Ndani, Popi alikuwa amekaa chini, anamtazama. Walikaa hivyo muda mrefu. Sijui nani alimfundisha. Nadhani ni Eliya.

Ramadhani ya mwaka 2024 ilianza katikati ya Machi. Jioni ya tatu nilikuta bakuli la kaimati juu ya ukuta, limefunikwa na sahani. Halikuletwa mlangoni. Niliosha bakuli kwa sabuni, nikaliosha tena. Sikutaka kulirudisha na kitu kilichopikwa kwenye jiko langu, maana sikujua kama atakila. Nikanunua tende, zikiwa bado kwenye paketi yake, nikaziweka ndani, nikampelekea mwenyewe.

Tulizungumza barazani kwake hadi adhana ya isha. Kwangu hajaingia mpaka leo.